Ningeamua: maadili katika maneno tunayoambiana kila siku

Ijumaa moja alasiri dada yangu mdogo alikuwa amesimama kwenye sanamu ya Tom Mboya, pale Moi Avenue, Nairobi, akinisubiri. Alinipigia simu. "Umefika wapi? Kama bado uko mbali, nikimbie Nyayo House nichukue pasipoti yangu halafu nirudi." Nikamjibu niko Pangani, dakika kumi tu. Nilikuwa Githurai, na matatu ilikuwa haijajaa. Nilipofika mjini saa nzima na ushee ilikuwa imepita, na ofisi ya pasipoti imefungwa hadi Jumatatu. Hakunigombeza. Tulipokuwa tukivuka barabara alisema tu, "Ungeniambia uko Githurai, ningeamua."

Neno hilo nimekaa nalo muda mrefu. Hakusema nimemdanganya, ingawa nilimdanganya. Hakusema nimemvunjia heshima. Alilalamikia jambo jingine: palikuwa na uamuzi uliokuwa wake, asubiri au aende, nami nikaufanya kwa niaba yake bila yeye kujua. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye mzizi wa suala zima la maadili katika mazungumzo. Tunapozungumza huwa tunapeana vitu vya kuamulia. Ukimpa mwenzako kitu kibovu ataamua vibaya, na gharama ataibeba yeye.

Tukitajiwa maadili ya mawasiliano, wengi hufikiria mambo mawili: kutosema uongo na kutotukana. Ni mambo ya msingi, lakini mtu anaweza kuyatimiza yote mawili na bado akakudhulumu mchana kweupe. Sababu moja ni kwamba tunachanganya adabu na maadili. Maneno haya yote tumeyapata kutoka Kiarabu na huenda pamoja kama kurwa na doto, lakini hayana kazi moja. Adabu ni mwenendo mwema mbele ya watu: kubisha hodi, kusalimu kabla ya kueleza shida, kumwachia mkubwa aanze. Maadili yanatokana na adili, na asili ya adili ni haki. Adabu huangalia namna neno linavyosikika. Maadili huangalia neno hilo limemfanyia nini aliyeambiwa.

Ndiyo maana tapeli wa mjini huwa na adabu kuliko watu wote. Atakuita mama, atakuvutia kiti, atakuuliza watoto wanaendeleaje, kisha akuuzie kiwanja cha mtu mwingine. Kwa upande wa pili yuko mama mboga wangu. Huyo hana subira. Nikishika nyanya laini hunifokea, "Weka hiyo chini, haitafika jioni!" Adabu yake ni haba, na nimemwamini miaka sita.

Maji yapo

Tuanze na kweli, kwa sababu ndiyo huonekana nyepesi. Mwaka juzi nilikuwa nikitafuta nyumba ya vyumba viwili upande wa Zimmerman. Jambo la kwanza nililomuuliza mtunza ploti lilikuwa maji. "Yapo, dada. Hapa maji si shida." Akaingia jikoni, akafungua mfereji, maji yakamwagika kwa kishindo. Nikalipa amana na kodi ya mwezi wa kwanza siku hiyo hiyo. Nilihamia Jumamosi. Kufikia Jumatatu mfereji ulikuwa ukitoa hewa.

Kila mkazi wa jiji hili anajua kilichotokea. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, na kwa kuwa hayatoshi mitaa yote kwa wakati mmoja, hugawanywa kwa zamu. Mtaa wetu zamu yake ilikuwa siku mbili kwa wiki, na nilikwenda kuangalia nyumba katika mojawapo ya siku hizo. Siku nyingine zote tulitumia maji ya kisima, yenye chumvi, yasiyotoa povu la sabuni. Nilipomfuata mtunza ploti alinikumbusha kwa upole kwamba hakuna neno alilosema lisilo la kweli. Maji yalikuwepo. Niliyaona kwa macho yangu.

Alikuwa sahihi kuhusu maneno yake, na bado alinidhulumu. Aliyeeleza vizuri jinsi hili linavyowezekana ni mwanafalsafa Mwingereza, H. P. Grice, katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1967. Sehemu yake mashuhuri ilichapishwa mwaka 1975. Grice alisema watu wanaozungumza huwa wanashirikiana, hata wakiwa katika ubishi. Kila mmoja huchukulia kwamba mwenzake anasema analoamini, anasema kiasi cha kutosha, anasema linalohusika, na anasema kwa namna ya kueleweka. Kwa sababu ya imani hiyo, msikilizaji hujaza mwenyewe yasiyotamkwa. Nikikuuliza duka liko wapi ukanijibu "pale kwenye kona," nitaenda nikijua kwamba limefunguliwa, ingawa hukusema limefunguliwa. Ungekuwa unajua kuwa limefungwa, nilitarajia ungeniambia.

Bila kujaziana hivyo hatungeweza kuzungumza hata dakika moja. Ingebidi kila sentensi ifuatwe na sentensi ishirini za kuifafanua. Lakini kujaziana huko ndiko mlango anaopitia mtu anayetaka kupotosha bila kusema uongo. Anakuachia pengo, akijua utalijaza kwa lile linalomfaa yeye. "Gari hili halijawahi kwenda gereji mwaka huu." Kweli, kwa sababu halijatembea mwaka huu. "Nimetoka nyumbani." Kweli, nimesimama mlangoni natafuta kiatu.

Sasa ugumu unakuja. Je, mtunza ploti alipaswa kunieleza kila kitu? Kwamba jirani wa juu hupika samaki kila Alhamisi, kwamba ngazi huteleza mvua ikinyesha? La, hakuna awezaye kusema yote, na anayejaribu humchosha mwenzake mpaka la maana linapotea katikati ya yasiyo na maana. Kipimo ninachokitumia mimi ni lile neno la dada yangu. Nikijua unaamua nini kwa kutegemea neno langu, nina deni la kukupa kile ambacho kingekufanya uamue vingine. Sikuuliza maji kwa udadisi. Niliuliza kwa sababu nilikuwa naenda kuishi pale na watoto wawili. Angeniambia siku mbili kwa wiki, pengine ningekubali tu na kununua tangi. Ningeamua.

Kipimo hicho kinafanya kazi pia pale ambapo maneno yamebeba mzigo ambao kamusi haiujui. Kwenye kamusi, madoadoa ni vidoa vya rangi, kama vya chui. Katika siasa za Kenya neno hilo limetumika kuwaita majirani wa kabila jingine uchafu unaopaswa kuondolewa. Ndiyo maana Aprili 2022, kabla ya uchaguzi wa Agosti, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilipotoa orodha ya maneno ya chuki, madoadoa lilikuwemo. Msemaji anaweza kujitetea kwamba alikuwa akizungumzia madoa. Waliomsikia wanajua walichoambiwa, na yeye anajua kwamba wanajua.

Ukweli ni deni kwa nani?

Lipo swali la zamani zaidi. Mwaka 1797 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alibishana kwa maandishi na Benjamin Constant, mwandishi na mwanasiasa wa Ufaransa. Mfano wao ni huu: muuaji anabisha hodi kwako akimtafuta rafiki yako, ambaye umemficha ndani. Anakuuliza kama yupo. Kant alishikilia kwamba hata hapo huruhusiwi kusema uongo, na ukisema, matokeo yake yatakuwa juu yako. Constant alisema ukweli ni deni kwa mtu mwenye haki nao tu, na hakuna mwenye haki na ukweli unaodhuru wengine.

Wakenya walilikuta swali hili mlangoni, wala si vitabuni. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki. Katika siku hizo wapo waliowaficha majirani wa kabila jingine chini ya vitanda, wakasimama mlangoni mbele ya mapanga na kusema humu hamna mtu. Sijui namna ya kuwaambia watu hao kwamba walikosea, wala sitaki kujifunza. Mwenye panga alikuwa akitafuta neno la kumsaidia kuamua uhai wa mtu mwingine, na uamuzi huo haukuwa wake hata chembe.

Hatari ni kwamba kila mwongo wa kawaida hujiona kama yule mwenye kumficha jirani. "Nilimficha kwa faida yake." Mume anaficha mkopo ili mke asipate presha. Bosi anawaficha wafanyakazi kwamba kampuni inafungwa, eti wasivunjike moyo. Katika visa hivi vyote ukitazama vizuri utakuta uamuzi ulikuwa wa yule aliyefichwa: mke ambaye angeacha kununua kochi jipya, mfanyakazi ambaye angeanza kutafuta kazi mapema.

Kisa kigumu kuliko vyote ni cha mgonjwa. Familia inamvuta daktari kando, kwenye korido ya wadi: "Daktari, tafadhali, usimwambie mzee. Atakata tamaa." Nimesimama katika korido hiyo na nimewahi kuyasema maneno hayo kuhusu baba yangu, kwa mapenzi yote niliyokuwa nayo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, isipokuwa kuwe na ushahidi mzito kwamba kumweleza kutamdhuru. Daktari wetu hakutubishia kwa sheria. Aliingia, akaketi, akamuuliza baba: "Mzee, ungependa nikueleze kila kitu kuhusu ugonjwa huu, au ungependa nizungumze na watoto wako?" Baba alinyamaza kidogo, akasema, "Nieleze. Nina shamba sijaligawa."

Kiswahili kina neno stara, na nalipenda sana. Kumstiri mtu ni kumfunika asiaibike, ni kujua na kutosema. Lakini stara ni haki ya anayestiriwa. Sisi tulikuwa tunajistiri wenyewe, tusione sura yake atakapoambiwa.

Wasiokuwepo

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mazungumzo ni ya watu wawili. Mengi ya maneno yetu yanamhusu mtu wa tatu, asiyekuwepo, naye ndiye huumia zaidi kwa sababu hana nafasi ya kujibu. Wazee waliliita jambo hili kwa majina mengi: kusengenya, umbea, fitina, uzushi. Majina hayo hayalingani. Mtu akimweleza dada yake jinsi mkwe wao anavyowanyanyasa watoto, anamsengenya kwa maana ya kamusi, lakini pengine anatenda wema mkubwa. Kuzungumza juu ya asiyekuwepo hakukosi kuwepo penye jamii. La kujiuliza ni kama anayesikia anahitaji habari hiyo ili kuamua jambo lake, au anapewa tu ili apate kicheko.

Chukua mambo ya mchango, kwa sababu hakuna familia Nairobi isiyo na kundi la WhatsApp la mchango wa matibabu au mazishi. Kundi hufunguliwa usiku, na asubuhi kuna picha: mgonjwa kitandani, mirija puani, shuka limeteremka begani. Aliyeituma ana nia safi. Anataka watu waone uzito wa jambo. Lakini mwenye picha ni mwalimu wa shule ya msingi, na katika kundi hilo mna wazazi wa wanafunzi wake. Akipona, atasimama mbele ya watoto ambao wazazi wao wamemwona nusu uchi. Hakuna aliyemuuliza, na siku ile alikuwa na fahamu zake na simu mkononi.

Kisha hufuata orodha. Nambari moja, jina, 1,000. Nambari mbili, jina, 500. Kila anayetuma huongezwa chini na orodha nzima hubandikwa upya. Asili ya orodha ni nzuri: mweka hazina asishukiwe, kila shilingi ionekane. Lakini orodha husomwa pia kwa kutafuta wasiomo. Binamu aliyepoteza kazi Januari anaipitia mara kumi kwa siku akijua kwamba wengine nao wanaipitia wakitafuta jina lake. Mwishowe anakopa kwenye simu atume 300. Katika kundi letu, baada ya mazishi mawili, tulikubaliana mweka hazina atangaze jumla tu kila jioni, na kila mchangiaji athibitishiwe kando. Fedha hazikupungua.

Sheria imeanza kuligusa eneo hili. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ikaipa meno. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini tatu kwa mpigo: shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, klabu moja ya burudani ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa kuwasumbua watu ambao nambari zao zilitolewa na wengine. Kuhusu mikopo, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zilikuwa tayari zimekataza kumpigia simu bosi wako au shangazi yako ili uaibike ulipe.

Lakini sheria hiyo hiyo ya 2019 imeacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani, na sioni ingewezaje kufanya vingine. Kamishna hawezi kukaa katika kila kundi la ukoo. Kwa hivyo picha ya mwalimu kitandani haina afisa wa kuifuatilia. Ina sisi.

Kuna pia mtu ambaye yupo lakini anazungumziwa kama hayupo, na katika mji wa lugha nyingi kama huu jambo hilo hufanyika kirahisi mno. Dada wa kazi anapanga vikombe mezani. Mwenye nyumba na mumewe wanaruka ghafla kutoka Kiswahili hadi Kiingereza, na katikati ya maneno asiyoyashika vizuri msichana anasikia jina lake, mara mbili, kisha kimya. Wanajadili kama watamwongeza mshahara au watamrudisha kwao. Ofisini hali ni hiyo hiyo, watu wanne wakihamia lugha ya mama mbele ya wa tano. Simaanishi kwamba lugha zetu zifichwe. Mtu akikutana na wa kwao kwenye lifti, wasalimiane kwa raha zao, hata mimi hufurahi kuwasikia. Ila jambo likiwa linamhusu aliyeketi hapo, kumnyima lugha ni kumnyima kiti. Ile Sheria ya Afya inasema mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Mezani kwetu hatuhitaji sheria itushike mkono. (Vijana wa Sheng nao wasijione wamesalimika: nyanya yenu akiketi kati yenu, sehemu kubwa ya mazungumzo huwa yanampita juu ya kichwa.)

Nimetuma kama nilivyopokea

Tuna methali moja ambayo ningependa tuitumie kwa uangalifu zaidi: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wahenga pengine walitaka tusipuuze minong'ono, kwa kuwa moshi haukosi moto. Leo imekuwa kibali cha kusambaza chochote. Kijijini, neno lilitembea kwa miguu. Aliyelisikia alimjua aliyelisema, na aliweza kumuuliza wewe umelitoa wapi. Simu imeondoa miguu hiyo.

Watafiti watatu wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa na watu wapatao milioni 3 kwenye Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa kusambazwa tena uliozidi wa habari ya kweli kwa asilimia 70. Ya kweli ilichukua muda mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Walipoondoa akaunti zinazoendeshwa na programu, matokeo hayakubadilika. Kilichokuwa kikisambaza uongo kwa kasi ni vidole vya watu, na watafiti waliona kwamba uongo ulikuwa na upya na mshangao ambao kweli haina. Kweli mara nyingi ni jambo tunalolijua tayari.

Habari njema ni kwamba vidole hivyo husikia vikizuiwa kidogo. Mwaka 2019 WhatsApp iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mara moja. Aprili 2020 ikaweka kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa sana utumwe kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa mara, na kampuni ikasema usambazaji wa jumbe za aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyekatazwa. Mtu aliyetaka angeweza kutuma mara tano. Inaonekana wengi waliacha.

Tunapoandika "nimetuma kama nilivyopokea" tunadhani tumejitoa katika jambo. Hebu rudi kwa Grice. Mama yangu akipata ujumbe kutoka kwangu kwamba maji ya limau yanatibu kisukari, haamini kwa sababu ya aliyeuandika, ambaye hamjui. Anaamini kwa sababu umetoka kwa binti yake, na anachukulia kwamba binti yake hutuma analoliamini. Nimemkopesha mwandishi jina langu. Na yeye akiacha dawa zake siku tatu, ameamua kwa kutumia jina hilo.

Kwa maneno mabaya zaidi kuna mkono wa dola. Ibara ya 33 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, lakini haiulindi uchochezi wa vita, wa ghasia, wala matamshi ya chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mipaka hiyo ni ya lazima. Hata hivyo uovu mwingi wa maneno hauna umbo la kosa la jinai, na kusahihisha neno lililokwisha kutoka hakuna mahakama ya kukusaidia nako.

Wengi wakigundua wamekosea hufuta ujumbe. Kufuta humwondolea aliyetuma aibu, lakini aliyekwisha kusoma hubaki na kile kile alichopewa. Miezi michache iliyopita, mtaani kwetu, ilizunguka picha ya kijana wa bodaboda mwenye koti jekundu, amembeba mtoto anayelia, na maneno kwamba anaiba watoto. Ilipigwa kutoka dirishani. Jirani yangu wa ghorofa ya pili aliituma makundi manne. Kufikia saa mbili usiku ikajulikana: mtoto ni mpwa wa huyo kijana, alianguka shuleni, akakatika kidevu, na mjomba alikuwa akimkimbiza kliniki. Nairobi sote tunajua umati hufanya nini ukiambiwa huyu ni mwizi wa watoto. Hausubiri saa mbili usiku.

Jirani hakufuta. Alirudi katika kila kundi, hata la kanisa, akaandika: "Mimi ndiye niliyetuma picha ile jioni. Si kweli. Mtoto ni mpwa wake na alikuwa ameumia. Mliomtumia mtu, tafadhali mtumieni na huu." Katika makundi mawili hakuna aliyejibu. Asubuhi akashuka stejini, akamwomba kijana radhi mbele ya waendeshaji wenzake, wakamwambia mama, yameisha. Kijana bado yuko pale, hunibeba siku za mvua. Lile koti jekundu sijaliona tena. Siku hizi huvaa riflekta ya kijani, kama wenzake wote.